Faili Limekataa Kuingia kwenye Kanzidata: Uanzie Wapi?

Kuhamisha data kutoka lahajedwali hadi kanzidata huonekana kazi ya dakika chache. Unahifadhi faili kama CSV (maandishi matupu ambayo kolamu zake hutenganishwa kwa mkato), unachagua jedwali, unabonyeza kitufe. Kisha ujumbe wa kosa unajitokeza, na hapo wengi huanza kupapasa: wanafuta mstari huu, wanabadilisha kolamu ile, wanajaribu tena. Ushauri wa kwanza tunaowapa wanaotuletea mafaili yaliyokwama ni kusoma kosa la kwanza hadi mwisho na kuyaacha mengine kwanza. Mlolongo wa makosa unaofuata mara nyingi umezaliwa na hilo moja.

Chukua PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata. Ikikuandikia “extra data after last expected column” na kukutajia namba ya mstari, inalalamika kwamba mstari huo una vipande vingi kuliko kolamu za jedwali. Mstari wenyewe huenda uko hivi:

1042,Mtaa wa Pili, Nyumba 7,2023-05-14

Wewe unasoma namba, anwani na tarehe. Kanzidata inahesabu alama za mkato na kupata vipande vinne. Anwani ikizungushiwa alama za kunukuu, tatizo limekwisha. Na kama ndani ya maandishi tayari kuna alama ya kunukuu, huandikwa mara mbili. Ndivyo unavyoelekeza waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005, unaoeleza muundo wa CSV, ingawa si kila programu inaufuata. Jihadhari na alama ya kunukuu iliyofunguliwa bila kufungwa. Humeza mistari yote inayofuata mpaka ikutane na nyingine, kwa hiyo mstari unaotajwa kwenye ujumbe unaweza kuwa mbali kabisa na penye ubovu. Tena, kompyuta ikiwa na mipangilio ya nchi zinazotumia mkato kwa desimali, Excel hutenganisha kolamu za CSV kwa nuktamkato, na kanzidata inayosubiri mkato huona kolamu moja ndefu.

Upande wa herufi, sisi tunaoandika ng' kila siku tuna mtego wetu. Ile alama ya ng' ikiwa imenyooka haisumbui faili la CSV. Lakini Word huipinda, na mtu akinakili kutoka huko kwenda kwenye lahajedwali, inaingia ikiwa imepinda. Kwa usimbaji (namna ya kuandika herufi kama namba za kompyuta) wa Windows-1252 alama hiyo ni baiti moja, 0x92. Kwa UTF-8 ni baiti tatu. Faili la Windows-1252 likipelekwa kwenye kanzidata inayotarajia UTF-8, PostgreSQL hugoma na kukutajia hiyo 0x92. Kinyume chake hakina kelele: faili la UTF-8 likisomwa kama Windows-1252 linapita, na ng’ombe anageuka ngâ€™ombe. Usihangaike kubadilisha herufi moja moja. Taja usimbaji sahihi wakati wa kuingiza, basi. Na kama kanzidata inadai kolamu ya kwanza haipo ilhali jina unaliona kwa macho yako, shuku zile baiti tatu zisizoonekana ambazo Excel huweka mwanzoni mwa faili inapohifadhi CSV ya UTF-8.

Makosa haya yote yana heri moja, kwamba yanaonekana. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni faili linaloingia bila neno huku data imeshabadilika njiani. Chanzo kikubwa ni tabia ya kubofya CSV mara mbili “kuiangalia tu” kwenye Excel, kisha kuihifadhi. Namba ya simu 0712 na zinazofuata inapoteza sifuri ya mbele. Namba ya utambulisho yenye tarakimu 16 inakuwa na sifuri mwishoni, kwa sababu Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Tarehe ndizo mbaya kuliko vyote. Mipangilio ikiwa ya Kimarekani, 03/04/2024 iliyomaanisha tarehe 3 Aprili inageuka kuwa 4 Machi, ilhali 25/04/2024 inabaki maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Kolamu moja, kanuni mbili, na iliyokataliwa na kanzidata ndiyo iliyo sahihi! Ukikuta 45385 kwenye kolamu ya tarehe, hiyo ni 3 Aprili 2024 kwa hesabu ya siku ya Excel. Wanasayansi wa jeni waliteswa na jambo hili kiasi kwamba kufikia mwaka 2020 majina kadhaa ya jeni yalikuwa yamebadilishwa: SEPT1, iliyokuwa ikigeuzwa tarehe ya Septemba, sasa inaitwa SEPTIN1.

Kwa hiyo kagua CSV kwa kihariri cha maandishi matupu. Ukilazimika kutumia Excel, ingiza faili kupitia menyu ya data na uziweke kolamu za namba za utambulisho kuwa maandishi kabla hazijapakiwa.

Ukubwa nao hudanganya. Faili la zamani la .xls lina mistari 65,536 tu; .xlsx ina 1,048,576. Mwaka 2020 huko Uingereza, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu data yao iliwekwa kwenye .xls iliyojaa. Kuna pia zana zinazobahatisha aina ya kolamu: kiunganishi cha Microsoft cha kusoma Excel, kwa kawaida, hutazama mistari 8 ya mwanzo. Zote zikiwa namba, msimbo kama “A17” ulioko mstari wa 300 unaweza kuingia kama NULL, yaani thamani tupu. Access, programu ya kanzidata ya Microsoft, walau huacha jedwali la makosa lenye jina la kolamu na namba ya mstari. Lifungue kabla ya kulifuta.

Njia tunayoipendekeza kwa faili lolote lenye shaka ni jedwali la muda ambalo kolamu zake zote ni za maandishi. Data inaingia humo ilivyo, kisha unaiuliza: mistari ipi ina herufi kwenye kolamu ya kiasi, namba ipi imejirudia wakati inapaswa kuwa ya kipekee, msimbo upi haupo kwenye jedwali mama, yaani lile lenye orodha ya misimbo halali. Usisahau ile nafasi isiyokatika inayotoka kwenye kurasa za wavuti, ambayo kwa macho hufanana na nafasi ya kawaida. TRIM ya kawaida, amri ya kuondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, haiiondoi. Baada ya hapo ndipo unabadilisha aina na kuhamishia kwenye jedwali halisi, yote ndani ya muamala mmoja ili kosa likitokea katikati kusibaki nusu ya data.

Ukimaliza, linganisha idadi ya mistari na faili la asili, jumla ya kolamu ya kiasi, tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na idadi ya NULL kwenye kila kolamu. Hesabu zisipolingana, safisha jedwali la muda na uanze tena na faili lile lile ulilopokea, si nakala iliyokwisha kupitia Excel.