Ushawishi bila cheo ni nini?

Ni uwezo wa kumfanya mtu asiye chini yako akubali kubadili jambo kazini, ilhali huwezi kumwamuru, kumpandisha daraja wala kumfukuza. Mwaka 1959 wanasaikolojia John French na Bertram Raven walitaja misingi mitano ya nguvu: kutuza, kuadhibu, cheo, ujuzi, na kupendwa au kuheshimiwa. Baadaye Raven akaongeza wa sita, taarifa. Asiye na cheo hutegemea hasa mitatu ya mwisho, na taarifa ndiyo inayojengeka upesi zaidi.

Uganda, ambako wengi wamezoea kukisikia Kiswahili kambini na polisi, ni rahisi kudhani ushawishi ni kuongea kama afande. Sivyo. Wala si kutoa chai. Hiyo ina jina lake.

Mchukue karani wa kampuni ya uwakala wa forodha pale Malaba. Malori yanalala mpakani kwa sababu mhasibu aliyeko Kampala hulipa ushuru wa mizigo mara moja tu kwa siku, saa tisa alasiri. Karani akilalamika "mnatuchelewesha," atajibiwa kwamba watu wa Malaba ndio wasioleta nyaraka, na mambo yataishia hapo. Afadhali afungue daftari na kwa wiki mbili ajaze safu nne: namba ya lori, saa nyaraka zilipotumwa, saa malipo yalipofanyika, saa lori lilipotoka. Aandike siku zote, hata zile ambazo kosa ni la kwake. Mhasibu ana kumbukumbu zake, naye atalinganisha.

Kisha ampigie mhasibu mwenyewe, si mkuu wake, na aanze kwa kuuliza kwa heshima ("nnyabo" ni "mama" kwa Kiganda): "Nnyabo, ni nini kinachokulazimu kungoja hadi saa tisa?" Huenda akagundua kwamba orodha ya malipo humfikia vipandevipande, na mama wa watu hataki kumkimbiza mtia saini wa pili, anayeidhinisha malipo pamoja naye, mara tano kwa siku. Sasa karani ana cha kutoa: orodha kamili ifike saa nne asubuhi, isainiwe mara moja, na zilizochelewa zingoje saa tisa kama kawaida. Aombe majaribio ya wiki mbili, kwa wateja watatu tu. Ombi dogo lenye tarehe ya mwisho hukubalika kwa sababu likishindikana hakuna anayeaibika.

Mengi huharibikia kwenye barua pepe. Ukimwekea mkuu nakala katika ujumbe wa kwanza, mwenzako anasoma vitisho, hata ungeandika kwa upole gani. Kumwanika kikaoni kabla hujazungumza naye ni kosa hilohilo. Lakini linaloua jaribio mara nyingi ni karani mwenyewe: orodha ikifika saa tano na nusu siku mbili mfululizo, mhasibu anarudi kwenye saa tisa yake, na safari ijayo hasikilizi.

Akikataa tangu mwanzo, muulize ni sharti gani likitimizwa atakubali, uliandike, urudi nalo mwezi ujao.

Nyaraka za kughushi au fedha zilizopotea hazihitaji ushawishi. Hizo hupelekwa kwa mkuu siku hiyohiyo.