Prinsi Lobkowicz na Beethoven: mambo tunayoyakosea kila siku

Beethoven, mtunzi mkubwa wa muziki aliyeishi Vienna, Austria, alikuwa na mfadhili aliyeitwa Prinsi Lobkowicz, na mengi yanayosemwa juu ya mfadhili huyo si sahihi. Tuanze na neno lenyewe, prinsi, maana hapo ndo kosa linapoanzia. Kwa Kiswahili ukisema prinsi mtu anaelewa mwanamfalme, mtoto wa ikulu anayesubiri siku ya kukalia kiti cha baba yake. Joseph Franz Maximilian Lobkowicz, aliyezaliwa 1772, hakuwa hivyo. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wakubwa wa Bohemia, nchi ambayo leo iko ndani ya Cheki, na uprinsi ni cheo walichopewa na kaisari karne ya 17 kikawa kinarithiwa na mkuu wa ukoo. Baba yake alifariki 1784, cheo kikamkuta dogo ana miaka 11. Hela zilitoka kwenye mashamba na misitu, na tusifiche, zilitoka pia kwenye migongo ya wakulima waliokuwa bado wanadaiwa siku za kazi ya lazima kwa bwana wao, kitu ambacho kule kiliisha 1848. Hilo tuliweke wazi kabla hatujamsifia mtu.

Halafu kuna hii ya kwamba alikuwa tajiri tu anayenunua sifa, muziki haujui. Sio kweli hata kidogo. Alipiga fidla, alipiga selo, aliimba sauti ya besi, na kwa sababu ya ubovu wa nyonga alitembea kwa gongo maisha yake yote, kwa hiyo wakati wenzake wanakimbiza farasi na kuwinda yeye anga zake zilikuwa noti. Aliweka okestra yake mwenyewe ya kuajiriwa, chini ya uongozi wa Anton Wranitzky, na mtunzi maarufu Haydn alimtungia kwateti mbili za nyuzi, yani muziki wa wapigaji wanne, mwaka 1799.

Sasa tuje kwenye kubwa lao, maana hapa watu wengi wanapotea. Inasemwa kwamba simfoni ya tatu ya Beethoven, yani muziki mrefu wa okestra, ile Eroica, dunia iliisikia mara ya kwanza kwenye jumba la maonyesho la Theater an der Wien, Vienna, tarehe 7 Aprili 1805. Hiyo ni mara ya kwanza kwa watu wa kukata tiketi. Ilishapigwa mwaka uliotangulia, 1804, kwenye kasri la Lobkowicz pale Vienna, na haikuwa sherehe, ilikuwa mazoezi, yani jasho. Hebu fikiria, simfoni ndefu kuliko kitu chochote walichozoea, ina baragumu tatu badala ya mbili, karatasi za noti zimetoka kunakiliwa kwa mkono, na Beethoven mwenyewe ndiye anaongoza. Ferdinand Ries, mwanafunzi wake, kijana wa miaka 19 wakati huo, alikuja kuandika baadaye kwamba kwenye sehemu ya kwanza Beethoven aliwachanganya wapigaji mpaka wote wakapoteana ikabidi waanze upya toka mwanzo. Ries huyohuyo ndo anasimulia pale ambapo fidla zinatetemeka kwa sauti ya chini sana na baragumu linaingia na wimbo mkuu kabla wenzake hawajafika, yeye amesimama karibu na Beethoven akaropoka kwamba mpiga baragumu hajui kuhesabu, kidogo ale kofi, kwa sababu halikuwa kosa, ndivyo ilivyoandikwa!

Mimi naona hiki ndo alichotoa Lobkowicz ambacho watu hawakihesabu. Wanahesabu florini, hela ya Austria ya wakati ule. Lakini mtunzi anaweza kupewa hela akabaki na karatasi tu, hajawahi kusikia alichoandika kinatokaje. Huyu alimpa ukumbi, alimpa wapigaji, alimpa nafasi ya kukosea mbele ya watu wachache kabla ya kukosea mbele ya mji mzima. Ukumbi wenyewe bado upo, unaitwa Eroicasaal, uko ndani ya makumbusho ya tamthilia ya Vienna.

Na ile hadithi ya Napoleon je? Tumezoea kuambiwa Beethoven aliiandika Eroica kwa ajili ya Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, akasikia jamaa kajitangaza kaisari, akachana ukurasa kwa hasira, basi Lobkowicz akaokota kilichobaki. Hasira ilikuwepo, Ries kaieleza, na kuna nakala nyingine iko Vienna ambayo jina la Bonaparte limekwanguliwa mpaka karatasi ikatoboka, unaona tundu kabisa. Ila barua ya Ries ya Oktoba 1803, miezi kadhaa kabla Napoleon hajajitangaza, inasema tayari Lobkowicz alitaka kuwa na simfoni hiyo peke yake kwa nusu mwaka na yuko tayari kutoa florini 400. Na Agosti 1804, baada ya hasira zote, Beethoven bado anamwandikia mchapishaji kwamba simfoni hiyo kwa kweli inaitwa Bonaparte. Kwa hiyo mambo ya moyo na mambo ya riziki yalikwenda pamoja. Ilipochapishwa 1806 ukurasa wa mbele ulikuwa na jina la Lobkowicz.

Picha nazo. Watu wakiingia Lobkowicz Palace, kasri la ukoo huko Prague, wanadhani kila kitu kanunua prinsi wa Beethoven. Hapana. Zile picha mbili za mto Thames za mchoraji Canaletto alinunua baba yake, na picha za Kihispania za watu wa heshima zilikuja mapema zaidi kupitia Polyxena, mke wa prinsi wa kwanza, ambaye mama yake alitoka Hispania. Huyu wetu aliweka nguvu kwenye muziki.

Kinachoniuma zaidi ni hii ya kusema alimtapeli Beethoven. Tarehe 1 Machi 1809 watu watatu walisaini mkataba wa kumpa Beethoven florini 4,000 kwa mwaka ili asihamie Kassel, Ujerumani, kwa mfalme wa huko aliyekuwa ndugu wa Napoleon: Archduke Rudolph, mdogo wa kaisari wa Austria, 1,500, Prinsi Kinsky 1,800, Lobkowicz 700. Sharti lilikuwa abaki tu Vienna au mji mwingine wa milki ya Austria, hakuna kazi anayodaiwa. Halafu 1811 serikali ya Austria ikashusha noti za karatasi hadi moja ya tano ya thamani yake, 1812 Kinsky akaanguka kwenye farasi akafa, na Lobkowicz, ambaye alikuwa ameshamwaga hela nyingi kwenye okestra na kuendesha majumba ya maonyesho ya Vienna, akafilisika, mali zake zikawekwa chini ya wasimamizi na malipo yakasimama. Mtu ambaye hata mali yake haigusi unamwitaje tapeli? Beethoven alikasirika na alikuwa na haki ya kudai, alidai mpaka kisheria, na 1815 wakakubaliana, zile 700 za Lobkowicz zikarudi pamoja na za nyuma.

Oktoba 1816 Beethoven akachapisha mfululizo wa nyimbo, An die ferne Geliebte, na jina aliloweka mbele ni lilelile la Lobkowicz. Desemba mwaka huo prinsi akafariki, ana miaka 44.

Na wanaosema mali ile ya ukoo wa Lobkowicz imeshapotea, walau hapo habari ni njema. Wanazi waliichukua 1941, ikarudishwa 1945, Wakomunisti wakaichukua tena 1948, na baada ya mapinduzi ya 1989 familia ikaidai kwa miaka mpaka ikapata, kasri la Prague likafunguliwa kama makumbusho 2007. Picha ya mchoraji Bruegel ya 1565, ile ya wakata nyasi, iko pale ukutani, na karatasi za noti za Beethoven ziko pale kwenye vioo.