IELTS kwa kompyuta au kwa karatasi: maana ya uchaguzi huo

Mtu anayejiandikisha kufanya IELTS, mtihani wa kupima umahiri wa Kiingereza unaomilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge, hukutana mapema na swali ambalo wengi hulijibu harakaharaka: pale kituo kinapotoa aina zote mbili, je, atafanya kwa kompyuta au kwa karatasi? Swali hilo halihusu ugumu wa mtihani. Maswali ni ya aina ileile, alama hutolewa kwa kipimo kilekile cha 0 hadi 9, na matokeo ya aina zote mbili hukubalika kwa uzito mmoja. Kinachochaguliwa ni njia ya kuyafikisha majibu kwa msahihishaji, yaani kwa kibodi na kipanya au kwa penseli na karatasi ya majibu.

Sehemu ya Kuzungumza haiguswi kabisa na uchaguzi huu. Aliyechagua kompyuta na aliyechagua karatasi wote huzungumza na mtahini ambaye ni binadamu, kwa dakika 11 hadi 14. Nalisisitiza hilo kwa sababu wapo watahiniwa wanaoikwepa kompyuta wakidhani watalazimika kuongea na mashine, jambo ambalo ni la mtihani mwingine, TOEFL iBT, ambako mtahiniwa hujibu kupitia maikrofoni na sauti yake ikarekodiwa.

Tofauti ya kwanza yenye uzito iko kwenye Kusikiliza. Sauti huchezwa mara moja tu katika aina zote mbili, na maswali ni 40. Mtahiniwa wa karatasi huandika majibu yake kwenye kijitabu cha maswali huku akisikiliza, kisha hupewa dakika 10 za kuyahamishia kwenye karatasi ya majibu. Wa kompyuta huyachapa moja kwa moja sauti ikiendelea, na mwishoni hubakiwa na dakika 2 tu za kuyapitia. Dakika hizo 10 zina faida kwa anayetaka kukagua tahajia yake kwa utulivu, kwa kuwa neno lililokosewa herufi huhesabiwa kuwa kosa. Lakini zina mtego wake: aliyeshindwa swali la 14 na kusahau kuiacha nafasi yake wazi anaweza kuliandika jibu la 15 mahali pa 14, na kuanzia hapo kila jibu likakaa pasipo pake, ingawa alisikia vizuri kabisa. Kwenye skrini kila jibu linakaa pembeni mwa swali lake, hivyo kosa la namna hiyo ni gumu kutokea.

Katika Kusoma, muda ni dakika 60 kwa wote na hakuna muda wa ziada wa kuhamisha majibu. Kompyuta huweka kifungu upande mmoja wa skrini na maswali upande wa pili, na mtu anaweza kuyatia rangi maneno anayotaka kuyarudia. Anayezoea kusoma huku akipiga mistari kwa penseli na kufunuafunua kurasa atajisikia huru zaidi kwenye karatasi. Hili ni suala la mazoea tu, na kwa maoni yangu halipaswi kuamua uchaguzi.

Kinachopaswa kuuamua ni Kuandika. Hapa mtahiniwa ana dakika 60 za kazi mbili, ya kwanza ya maneno yasiyopungua 150 na ya pili, ambayo ni insha yenye uzito maradufu, ya maneno yasiyopungua 250. Kwenye kompyuta idadi ya maneno huonekana papo hapo chini ya maandishi, na sentensi iliyokaa vibaya katika aya ya pili inaweza kukatwa na kuhamishiwa ya tatu bila kuacha alama yoyote. Kwenye karatasi mabadiliko hayohayo yanadai kifutio, mishale na maneno yaliyobanwa juu ya mstari, na msahihishaji anahitaji kuusoma mwandiko huo. Hata hivyo, kompyuta hiyo haimsahihishii mtu tahajia, na mtu anayetafuta kila herufi kwa vidole viwili atajikuta fikra zake zimetangulia mbali huku maandishi yakimfuata kwa kuchechemea. Kwake yeye karatasi ni chaguo la busara, wala si dalili ya kuachwa nyuma na wakati.

Kwa hiyo ushauri wa jumla kwamba kompyuta ni rahisi, au kwamba karatasi ni salama, hauna msingi mpaka mtu ajipime. Achukue mada mbili za insha zinazolingana kwa ugumu, aandike moja kwa mkono na nyingine kwa kibodi, kila moja kwa dakika 40, na kipengele cha kusahihisha tahajia kikiwa kimezimwa. Kisha asiangalie idadi ya maneno peke yake. Aangalie kama hoja ya mwisho imekamilika, na kama alibakiwa na muda wa kuyasoma tena aliyoyaandika. Tofauti inayoonekana ndogo nyumbani inaweza kuwa kubwa kwa mwombaji halisi: baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, huwataka waombaji wanaotumia IELTS wapate 7 katika Kusoma, Kusikiliza na Kuzungumza, na 6.5 katika Kuandika, na muuguzi wa Kenya au Tanzania aliyepata 6 katika Kuandika anajua nusu alama hiyo inaweza kumchelewesha kiasi gani.

Lipo pia suala la muda wa matokeo. Ya karatasi hutoka siku ya 13 baada ya mtihani, ilhali ya kompyuta hutoka ndani ya siku chache, na anayekimbizana na tarehe ya mwisho ya chuo hana budi kulizingatia hilo. Aidha, katika nchi kadhaa waliofanya kwa kompyuta wameruhusiwa kurudia sehemu moja tu ya mtihani ndani ya siku 60 badala ya kuanza zote nne upya. Si kila taasisi inayoyapokea matokeo ya marudio ya namna hiyo, kwa hiyo chuo au mwajiri aulizwe kabla ya kulipa ada.