Lori la Mifugo Likisimamishwa na Polisi: Kibali Bado Kiko Palepale

Tangu utekelezaji wa sheria za mifugo uanze kuhamia kwa polisi wa maeneo, tunapokea kauli mbili kila siku. Wengine husema mkaguzi wa mifugo ameondoka na kibali chake cha kusafirisha mifugo, kwa hiyo hakihitajiki tena. Wengine husema askari hajui ng'ombe, atakuachia upite tu. Kauli zote mbili zinawaingiza watu mahabusu.

Kilichohama ni kazi ya kusimamisha gari, kukamata na kupeleka shauri mbele. Kupima afya ni kwa daktari wa mifugo kama zamani, na chapa yenye utata bado ataitwa mkaguzi kuisoma. Hunyoa manyoya, akapitisha kidole juu ya kovu: chapa ya zamani ni laini, iliyoongezwa juzi bado ina gaga.

Askari hulinganisha kibali na mzigo: idadi, aina, jinsia, rangi, chapa au namba ya hereni, zizi la kutoka, mahali pa kufikia, namba ya gari na tarehe. Kimoja kikipishana, safari imesimama. Kibali kikisema ng'ombe 12 na garini wamo 13, wa 13 hana karatasi, hata kama ni ndama aliyezaliwa njiani. Mweleze askari kabla hajahesabu. Na tafadhali, "hawa nimewafuga mwenyewe" si jibu. Hujaulizwa mali ni ya nani. Umeulizwa nani ameruhusu isafiri. Kukosa kibali ni kosa moja, kukighushi ni lingine, na ikibainika mnyama ni wa wizi linafunguliwa la tatu. Moja halifuti jingine.

Mifugo ikizuiliwa inakuwa kielelezo, lakini kielelezo hiki kinakula, kinakunywa na kinaweza kufa. Shuhudia ikihesabiwa na kupigwa picha, soma hati ya makabidhiano kabla ya kusaini, kisha dai nakala yako. Bila nakala hiyo, kudai mnyama aliyepotea zizini ni kazi ngumu mno.

Tunakazania karatasi hizi kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 2001 Uingereza ilipogundua ugonjwa wa miguu na midomo, kondoo walioambukizwa walikuwa wameshapita minadani na kutawanywa. Mifugo zaidi ya milioni 6 ilichinjwa. Virusi hivyo huweza kukaa siku 2 hadi 14 kabla dalili hazijaonekana, kwa hiyo mnyama anayeonekana mzima leo hatoshi kuwa ushahidi. Kibali ndicho kinachotuonyesha alikotoka na aliochanganyika nao.

Basi ukisimamishwa huku mmoja wao anadondosha mate na kuchechemea, dalili za ugonjwa huo, usiombe kuwashusha wapumzike pembeni ya barabara. Mwambie askari ulichokiona, mbaki hapo na mzigo ukiwa garini mpaka daktari wa mifugo afike.