Utafiti wa mazao unalipa: maana yake nini?

Wachumi wakisema utafiti wa mazao "umelipa", hawasemi kwamba kituo cha utafiti kimetengeneza pesa. Mara nyingi chenyewe hakiambulii kitu. Wanachopima ni manufaa ya jamii nzima: thamani ya mavuno yaliyoongezeka au kuokolewa kwa sababu ya mbegu mpya, ikilinganishwa na gharama zote za kuipata, yakiwemo majaribio yaliyogonga mwamba.

Chukua muhogo. Miaka ya 1930, katika kituo cha Amani milimani Usambara, watafiti walianza kutafuta muhogo unaostahimili batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe. Waliuchanganya na jamaa yake wa mbali, mti uliokuwa ukipandwa kwa ajili ya utomvu wa mpira, kisha machotara waliopatikana wakawachanganya tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikawa ya kulika. Mwaka 1957 kazi ikafungwa. Aliyepiga hesabu mwaka huo huenda aliona hasara tupu. Ila mbegu za ukoo ule zilikuwa zimeshafika Nigeria, na miaka ya 1970 IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, ikazitumia kupata aina mpya, mojawapo TMS 30572. Batobato kali ilipofyeka mashamba ya Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, aina hiyo ilikuwa kati ya zilizogawiwa wakulima. Wenyewe wanaiita Migyera.

Fedha zilitumika Tanganyika, chakula kikaliwa Uganda nusu karne baadaye. Kwa kuwa shilingi ya leo si sawa na ya miaka 50 ijayo, wachumi huuliza: fedha zile zingewekwa benki, zingehitaji riba gani kwa mwaka ili zizae manufaa yaleyale? Riba hiyo ndiyo kiwango cha faida ya utafiti.

Hapa msomaji awe macho. Mwaka 1958 mwanauchumi Zvi Griliches alichapisha hesabu za mahindi chotara ya Marekani. Kwa njia moja alipata asilimia 700, maana kila dola iliyokwisha kutumika ilirudisha dola 7 kwa mwaka. Kwa njia ya riba, takwimu zilezile zilitoa asilimia 35 hadi 40. Zote ni sahihi, lakini ukitajiwa ile kubwa bila maelezo umepigwa chenga. Na mwenyewe alikiri kwamba alipima utafiti uliofaulu. Ni kama kukadiria faida ya kuchimba mafuta kwa kutazama kisima kimoja kilichotoa.

Hata ukiipunguza, faida hubaki nono. Kwa nini basi kampuni hazigombanii muhogo? Mahindi chotara hununuliwa upya kila msimu, na muuzaji hupata chake. Pingili za muhogo mkulima huzikata shambani kwake au kwa jirani, bure, miaka nenda miaka rudi. Manufaa yapo, mlipaji hayupo, ndiyo maana karibu kazi yote ya kuzalisha aina mpya za muhogo huachiwa serikali na wafadhili.