Outlook inaomba nywila kila dakika? Acha kuiandika, soma jina la seva

Kijidirisha cha Outlook kinachoomba nywila hakijui kama nywila yako ni sahihi. Kinajua jambo moja tu: seva imekataa. Sababu hakina habari nayo, kwa hiyo kinakurudishia nafasi ya kuandika. Unaandika, inapelekwa, inakataliwa, kinarudi. Nimeona mtu wa mapokezi akibishana nacho asubuhi nzima huku kikombe cha chai kinapoa pembeni.

Nahudumia ofisi ndogondogo hapa Dar es Salaam: mawakala wa forodha, watu wa utalii, maduka ya vipuri. Hili ndilo lalamiko ninalopigiwa simu kuliko mengine yote, kuliko hata printa. Na nikifika, mara nyingi nywila yenyewe ni nzima kabisa.

Tuanze na kinachotokea chini kwa chini. Kwa akaunti ya IMAP (njia inayoziacha barua kwenye seva), programu inatuma jina na nywila, na seva inajibu OK au NO. Hiyo NO inabeba mengi. Inaweza kuwa nywila si yenyewe. Inaweza kuwa akaunti imefungwa kwa muda, au njia unayotumia kujitambulisha haipokelewi tena, au umeshafungua miunganisho mingi kupita kiasi. Mwaka 2009 ulitoka waraka wa kiufundi, RFC 5530, ulioziongezea seva maneno ya kufafanua: AUTHENTICATIONFAILED, EXPIRED, UNAVAILABLE na mengineyo. Seva nyingi huyatumia. Programu za barua pepe nyingi hazimfikishii mtumiaji. Zikiona NO, kijidirisha kilekile.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha kuandika. Si ushauri wa kutuliza hasira. Seva nyingi huhesabu makosa, na kila unapobofya OK unaongeza idadi, mpaka tatizo dogo linageuka kuwa akaunti iliyofungiwa.

La pili, fungua kivinjari uingie kwenye barua pepe yako huko, kwa nywila ileile, ukiiandika herufi kwa herufi. Kivinjari kisikujazie. Ikikataa na huko, basi nywila ndiyo tatizo. Omba ibadilishwe na habari imeisha. Hapa kuna mtego ninaoukuta sana: nywila iliyotumwa kwa WhatsApp. Msimamizi akikutumia nywila inayoanza na kuishia kwa nyota, WhatsApp inazichukulia zile nyota kuwa amri ya kukoleza maandishi, haikuonyeshi. Unaona neno limekolezwa, unaliandika bila nyota, seva inakataa. Mistari ya chini nayo hivyohivyo, inageuka herufi za mlazo. Na simu ikiwa ndiyo uliyoandikia, angalia kama haijakuza herufi ya kwanza yenyewe.

Kivinjari kikikubali, nywila iache. Tatizo liko kati ya programu na seva, na sasa ndipo unapotakiwa kusoma kile kijidirisha. Karibu hakuna anayekisoma. Kwa akaunti za IMAP na POP (njia inayozipakua barua kwenye kompyuta), Outlook huandika juu ya kisanduku cha nywila jina la seva inayouliza na jina la mtumiaji linalopelekwa. Mistari miwili hiyo inamaliza nusu ya kazi.

Jina la mtumiaji likiwa na sehemu ya kabla ya @ peke yake, na barua zako ziko kwenye seva ya cPanel (programu ya kusimamia tovuti na barua pepe) kama ofisi nyingi za hapa, umeshapata jibu. cPanel inataka anwani nzima. Outlook za zamani zina tabia ya kuikata anwani zinapojaza zenyewe. Seva inayouliza ikiwa ni ya kutuma tu, utaona barua zinaingia vizuri ila hazitoki; nenda kwenye mipangilio ya akaunti, uhakikishe seva ya kutuma nayo imewekwa ipelekewe jina na nywila, kwa mlango (port) 587 au 465. Mlango 25 usiuguse.

Kama jina la seva ni imap.gmail.com, sababu karibu kila mara ni moja. Kuanzia tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kupokea nywila ya kawaida ya Gmail kutoka kwenye programu za nje kwa akaunti za watu binafsi. Unaweza kuiandika kwa usahihi mpaka kesho, haitapita. Njia ni mbili. Ukiwa na Outlook ya Microsoft 365 au ya kisasa ya Thunderbird (programu nyingine ya barua pepe), ongeza akaunti upya, nayo itakufungulia ukurasa wa Google wenyewe uingie huko. Ukiwa na programu ya zamani, washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha tengeneza nywila ya programu: herufi 16 anazokupa Google, na hizo ndizo unazoziweka Outlook badala ya nywila yako.

Wengi wanajua mpaka hapo. Wasilolijua ni kwamba ukibadilisha nywila ya akaunti ya Google, nywila zote za programu hufutwa. Mhasibu anabadilisha nywila Ijumaa kwa sababu amesikia habari za matapeli, Jumatatu Outlook inaomba nywila, anaweka ile mpya, inakataliwa, anaweka ya zamani, inakataliwa. Zote mbili hazihusiki. Anahitaji herufi 16 nyingine.

Kwa wa Thunderbird, mambo mawili tu. Kwenye mipangilio ya seva, njia ya kujitambulisha iwe OAuth2 (ile ya kuingia kupitia ukurasa wa Google), kwa IMAP na kwa SMTP, yaani upande wa kutuma, pia, maana wengi hubadilisha moja wakasahau ya pili. Na vidakuzi (cookies) viruhusiwe ndani ya Thunderbird yenyewe, vinginevyo ukurasa wa Google hautamaliza safari.

Upande wa Microsoft 365 una historia inayofanana. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima kujitambulisha kwa jina na nywila tupu kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua pepe. Outlook 2010 haijui njia mpya kabisa, na hakuna kiraka cha kuifundisha. Outlook 2013 iliijua lakini mpaka uiwashe kwa mkono kwenye Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Kuanzia 2016 inaijua yenyewe. Ukitaka kujua kompyuta inatumia njia gani, angalia sura ya kinachouliza: kijidirisha kidogo cha Windows chenye mistari miwili ya kujaza ni njia ya zamani, ukurasa mweupe wa Microsoft unaouliza anwani kwanza halafu nywila ni njia mpya. Ukiona kile kidogo kwa akaunti ya Microsoft 365, usijaze kitu. Hakuna kitakachokubaliwa.

Kama Outlook ni ya kisasa na bado inauliza, safisha kumbukumbu za Windows. Funga Outlook, Word, Excel na Teams zote. Fungua Control Panel, ingia Credential Manager, chagua Windows Credentials, shuka mpaka Generic Credentials. Utakuta mistari inayoanza na MicrosoftOffice16_Data, na pengine yenye jina la seva yako ya barua. Ondoa hiyo tu. Usiondoe ya folda za ofisi na printa za mtandao, utajitafutia simu nyingine mchana. Fungua Outlook, ingia mara moja, itajiandikia upya.

Sasa kesi ninayoipenda, kwa sababu huwachosha hata mafundi wazoefu. Kampuni imehamishia barua pepe Microsoft 365, ila tovuti imebaki kwenye seva ya zamani ya cPanel. Kila kitu kiko sawa, leseni zimelipwa, kivinjari kinaingia. Outlook inaomba nywila kutwa nzima. Ukisoma jina kwenye kijidirisha unakuta si la Microsoft. Ni la domeni ya kampuni tupu (ile sehemu ya baada ya @), au la mashine ya kampuni inayohifadhi tovuti.

Inakuwaje? Outlook ikitafuta mipangilio ya akaunti hufuata orodha ya anwani za kubisha hodi. Mojawapo ni domeni yenyewe, bila kitu mbele yake, na hiyo huijaribu kabla ya ile inayoanza na neno autodiscover. Kwenye domeni hiyo kumekaa cPanel, nayo ina huduma yake ya kujibu maombi ya namna hiyo. Inajibu kwa moyo mweupe: jitambulishe kwanza. Outlook inakuletea kijidirisha. Unaweka nywila ya Microsoft 365, inapelekwa kwa seva isiyomjua mtu huyo tena, inakataa. Ni kama kupeleka ufunguo wa nyumba mpya kwa mwenye nyumba wa zamani.

Kulithibitisha, shikilia Ctrl, bofya kwa kitufe cha kulia kialama cha Outlook pale karibu na saa, chagua Test E-mail AutoConfiguration. Weka anwani yako, acha alama kwenye Use AutoDiscover peke yake, endesha, kisha fungua kichupo cha Log. Utaona anwani moja baada ya nyingine zilivyojaribiwa na ipi ilijibu. Dawa ni kwenye Registry, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\AutoDiscover: tengeneza DWORD yenye jina ExcludeHttpsRootDomain, thamani 1. Outlook itaruka domeni tupu. Wakati huohuo hakikisha rekodi ya CNAME (ya kuelekeza jina moja kwenye jingine) ya autodiscover kwenye DNS, orodha ya anwani za domeni yako, inaelekea autodiscover.outlook.com, maana nimekuta nyingi bado zinaelekea seva ya zamani.

Kuna tatizo lingine ambalo halimo ndani ya kompyuta kabisa. Ofisi nzima inatoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP. Nywila ya info@, sanduku la barua la ofisi nzima, inabadilishwa, kompyuta zote zinasahihishwa, ila simu ya mfanyakazi mmoja iliyomo mfukoni bado ina ya zamani na inajaribu kila baada ya dakika chache. Seva za cPanel zina mlinzi anayeitwa cPHulk; akiona makosa mengi kutoka anwani moja anaifunga. Na akishaifunga hasemi kwamba ameifunga. Anajibu kama vile nywila imekosewa, hata mwenye nywila sahihi. Matokeo yake ofisi nzima inaombwa nywila kwa pamoja, na kila mtu anamwambia mwenzake ameingiliwa na wadukuzi.

Kipimo chake ni rahisi: washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, fungua Outlook. Ikipita, basi anwani ya ofisi imefungwa. Wapigie wanaohifadhi seva, uwape IP ya ofisi waifungue, na waulize kumbukumbu zao zinaonyesha akaunti gani ndiyo inayokosea. Hilo swali la mwisho ndilo muhimu; watu huomba kufunguliwa, wanashukuru, na baada ya chakula cha mchana ile simu imeshawafungia tena. Angalizo: mitandao ya simu nayo huwagawia wateja wengi anwani moja, kwa hiyo ikikataa kwenye hotspoti, jaribu na ya kampuni nyingine kabla hujahukumu.

Binamu wa tatizo hilo ni sanduku moja kufunguliwa na kompyuta nyingi. Dovecot, seva ya IMAP iliyo ndani ya cPanel, ina kikomo cha miunganisho kwa mtumiaji mmoja kutoka IP moja; cha Dovecot yenyewe ni 10, ila wenye seva wanaweza kuweka kingine. Thunderbird moja huweza kushika mitano. Kompyuta tatu kwenye info@ zinatosha kuvuka 10. Dalili yake ni ombi linalokuja na kuondoka, likizidi saa za kazi. Punguza idadi kwenye mipangilio ya seva ya Thunderbird iwe miwili, au waombe wenye seva waongeze kikomo.

Kwa mafundi wenzangu wanaotaka kuona kwa macho, iruke programu uongee na seva mwenyewe. Kwenye mashine yenye OpenSSL, andika openssl s_client -quiet -crlf -connect ikifuatiwa na jina la seva na :993. Seva ikisalimia, andika a1 LOGIN, anwani, kisha nywila ndani ya alama za kunukuu. Ikirudi a1 OK, nywila na seva viko sawa, tatizo ni programu. Ikirudi a1 NO [AUTHENTICATIONFAILED], ni nywila, jina, au yule mlinzi. Ikinyamaza bila hata kusalimia, ni mtandao au mlango umezibwa. Nywila itaonekana kwenye skrini, kwa hiyo usifanye hivyo wateja wakiwa wamekuzunguka.

Kuhusu kupiga chini Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, sielewi kwa nini bado ni dawa ya kwanza kwa mafundi wengi mjini. Akaunti ikiwa ya POP, barua ziko ndani ya faili la .pst kwenye diski hiyohiyo unayotaka kuifuta, na mara nyingi kwenye seva hakuna nakala. Ikiwa ya IMAP, zitarudi, lakini zitarudi kwa bando la ofisi, na sanduku la wakala wa forodha lenye miaka ya nyaraka zilizoskaniwa si dogo.

Ukishindwa kabisa, tengeneza profaili mpya ya Outlook kwenye Control Panel, sehemu ya Mail, kitufe cha Show Profiles. Ya zamani usiifute. Mwache mwenye kompyuta afanye kazi na mpya wiki moja, aangalie folda zake zote, orodha za anwani zinazojijaza, sahihi yake ya chini ya barua. Akisema hakuna kinachokosekana, ndipo uiondoe.