Visawe si mapacha

Mswada wa mwisho niliouhariri ulikuwa na aya moja iliyonila asubuhi nzima. Mwandishi alianza kwa kuliita jambo lake "dhana". Sentensi ya pili likawa "nadharia", ya tatu "fikra", na kabla aya haijaisha likawa "rai". Nilisoma mara tatu nikitafuta mambo manne, kumbe lilikuwa moja. Nilipompigia simu alinipa jibu ninalopewa kila mara: "Nilikuwa nakwepa kurudia neno."

Basi tuanze na hilo, maana ndilo linalonikera kuliko yote. Watu wanaamini kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha. Hiyo ni kanuni ya insha za shule iliyovuka mipaka yake. Katika masimulizi, ukibadili "akasema" ukaandika "akanena", hakuna anayeumia. Ukiita gari "motokaa", msomaji bado analiona gari lilelile. Lakini dhana haina magurudumu. Msomaji hana cha kushika ila neno lenyewe, na neno likibadilika, kwake kitu kimebadilika.

Tena maneno yale manne kweli hayalingani. Dhana ni namna ya kulielewa jambo, na bado ina harufu ya shuku ndani yake: twasema "usimdhanie vibaya". Nadharia ni maelezo yaliyopangwa ya kwa nini jambo huwa hivyo, na yanaweza kupimwa. Fikra ni zao lolote la kufikiri. Rai ina mwenyewe: ni maoni ya fulani, na mara nyingi ni ushauri au ombi, ndiyo maana kiongozi hutoa rai kwa wananchi, wala hawatolei nadharia. Nikarudisha "dhana" mahali pote pane. Mwandishi alinuna, lakini aya ikaeleweka.

Ndugu wa imani hiyo ni ile isemayo kwamba kamusi ikieleza neno kwa neno jingine, basi hayo mawili yanabadilishana popote. Chukua maneno matatu: "haya", "aibu" na "fedheha". Haya hutangulia tendo, ndiyo inayokuzuia. Aibu hufuata tendo. Fedheha haiji bila macho ya watu: unaweza kuona aibu peke yako gizani, lakini kufedheheka gizani ni kazi ngumu. Tena aibu ni dosari pia. Twaomba tusitiriwe aibu zetu, na sijamsikia aombaye kusitiriwa haya zake. Najua, siku hizi mtoto akijificha nyuma ya mama yake huambiwa "ana aibu", nami nimeacha kubishana na hilo katika mazungumzo. Kwenye riwaya bado nabisha. Mhusika anayesifiwa kwa haya yake, ukimwandikia aibu umemvua sifa.

Kipimo changu ni kitenzi, na sichoki kukihubiri. Nomino hizi zina vitenzi vyake zilivyozoeana navyo, na hapo ndipo tofauti hujitokeza. Subira huvutwa, uvumilivu hauvutwi. Matumaini hupotea, tamaa hukatwa, ingawa tamaa hiyohiyo ikisimama peke yake huwa uchu. Ukimpa mtu heshima umemwinua. Ukimpa adabu, jiandae kusikia kilio. Kwa hiyo kabla hujabandika kisawe, kiweke kando ya kitenzi ulichonacho usome kwa sauti. Sikio likisita, rudisha neno la kwanza.

Mengine nayapitia haraka. Eti upendo na mapenzi ni kitu kimoja: katika sala ya Baba Yetu, "mapenzi yako yatimizwe" maana yake ni matakwa. Weka upendo hapo uone sala inavyogeuka. Eti neno lenye asili ya Kiarabu lina uzito zaidi: soni si nyepesi kuliko aibu, na utu haujapata kuzidiwa na neno lolote la kuazima. Na wale wanaokimbilia upande wa pili, wanaotaka maneno ya Kibantu matupu kwa ajili ya usafi, waniandikie ukurasa mmoja kuhusu haki bila kulitaja neno haki.

Halafu kuna hili la kwamba nomino dhahania, yaani majina ya mambo yasiyoshikika, zote huanza na u-. Hofu je? Imani, furaha, subira, amani? Wanaoamini hivyo ndio huniletea "hofu ule". Mara nyingi kosa lenyewe huzaliwa dakika ya mwisho: mtu anafuta "woga", anaandika "hofu", anasahau upatanisho wa kisarufi, na sentensi inabaki "hofu uliomshika". Amesahau pia kwamba woga ni tabia, na hofu ni kitu kinachokuingia. Shujaa huingiwa na hofu. Angekuwa na woga tusingemwita shujaa.

Kompyuta nayo imerahisisha maafa haya. Niliwahi kupokea mswada ambao mwenyewe, kwa ile amri ya kutafuta na kubadilisha, alikuwa amegeuza kila "woga" kuwa "hofu" kwa mbofyo mmoja. Ukurasa wa pili tu nikakutana na mtu "mhofu". Ilinichukua dakika nzima kutambua kwamba alikuwa mwoga.